Maswali ya Wasomaji: Asha ni uhai, tumaini au ukweli?

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu anaitwa Asha, jina alilolirithi kwa bibi yake, ambaye siku zote ametuambia kuwa maana yake ni uhai. Hivi karibuni mwenzangu kazini, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kihindi, alisisitiza kuwa Asha ni tumaini, na kitabu cha majina nilichokifungua kinasema ni ukweli. Nimwamini nani? Na je, Asha na Aisha ni jina moja? – Mama Asha

JIBU: Wote watatu wamesema kweli, Mama Asha, ila kila mmoja anazungumzia jina lake.

Asha wa bibi ndiye Aisha. Jina hilo ni la Kiarabu, limetokana na kitenzi chenye maana ya kuishi, na maana yake ni mwanamke aliye hai. Lilienea miongoni mwa Waislamu kwa heshima ya Bibi Aisha, mke wa Mtume Muhammad, aliyefariki mwaka 678. Kwa Kiarabu huanza na ain, sauti itokayo kooni, na katikati yake pumzi hukatwa kidogo; kwa kuwa Kiswahili hakina sauti hizo, irabu ziliungana likapatikana Asha, huku Aisha nalo likiendelea kutumika. Shina hilo hilo ndilo lililotupa maneno "ishi" na "maisha", kwa hiyo maana aliyoisema bibi imo ndani ya Kiswahili chenyewe. (Wamisri nao huuita mkate kwa neno la shina hili, na sioni kama wamekosea.)

Asha wa mwenzako ametoka katika Kisanskriti, lugha ya kale ya India, ambako irabu zote mbili huvutwa. Katika Kihindi hilo ni neno la kawaida la tumaini. Ukilitangulizia kiambishi "nir" unapata "nirasha", yaani kukata tamaa.

Asha wa kitabuni ndiye mwenye kisa kirefu zaidi. Katika Kiavesta, lugha ya maandiko matakatifu ya dini ya Zoroasta (dini ya kale ya Uajemi), asha ni ukweli pamoja na ule utaratibu unaoushikilia ulimwengu, na adui yake ni "druj", uongo. Sauti "sh" ya neno hilo ilizaliwa kutokana na "rt" ya zamani, ndiyo maana katika Kiajemi cha kale neno hilo hilo huonekana kama "arta". Msomaji wa Biblia ya Kiswahili amekwisha kukutana nalo pasipo kulitambua: limo mwanzoni mwa jina la Artashasta, mfalme wa Uajemi anayetajwa katika vitabu vya Ezra na Nehemia. Ajabu ni kwamba Kiavesta na Kisanskriti ni lugha ndugu, lakini asha ya ukweli na asha ya tumaini, zinazofanana kama mapacha, hazina undugu wowote. Ndugu wa kweli wa asha ya Kiavesta katika Kisanskriti ni "rita", neno ambalo kwa sura halifanani nalo hata kidogo.

Kasoro ya vitabu vingi vya majina ni kutoa maana bila kutaja lugha, kana kwamba herufi nne zina maana zenyewe. Asili ya jina hufuata njia lililopitia hadi kumfikia mwenye nalo, na njia ya binti yako ni bibi yake. Akikua akalipenda tumaini, hakuna wa kumzuia, ila hilo litakuwa chaguo lake.

SWALI: Je, Ayşe wa Kituruki na Aishatu wa Kihausa nao wamo katika ukoo huu?

JIBU: Wamo. Herufi "ş" ya Kituruki husomwa "sh", na "tu" ya Aishatu ni mwisho wa jina katika Kiarabu fasaha, ambao Waarabu wenyewe huudondosha wanapozungumza.