Besi ya filimbi haisikiki: mimi nilipandisha sauti zote

Mkuu, umesema pavani (dansi ya zamani ya mwendo wa taratibu) uliyoitunga kwa mtindo wa karne ya 16 ilikuwa tamu kwenye kinanda, lakini wapiga filimbi wako watano wakiipiga inapwaya na besi, ile sauti ya chini kabisa, inazama, na besi ya sehemu ya tatu inakushinda. Hilo nalijua, lilinitoa jasho.

Mimi nilianza na muziki wa dansi wa sauti nne aliouchapa mchapishaji Tielman Susato mjini Antwerp mwaka 1551. Besi yake inashuka kuliko filimbi ya besi inavyofika, maana hiyo mwisho wake ni do iliyo oktava moja (yaani do hadi do inayofuata) chini ya do ya kati. Nikajifanya mjanja: kila nota isiyofikika nikairusha juu, zilizofikika nikaziacha. Besi ikawa inarukaruka kama mbuzi, na pengine ikapita juu ya teno, sauti inayofuata juu ya besi, upatanifu wote ukapinduka. Dada anayepiga besi kwetu akaniuliza kama niliandika nikisinzia.

Pandisha sauti zote nne oktava moja, kwa pamoja. Wala si kuchakachua. Wapiga filimbi wa enzi zile walipochukua nota za waimbaji, zilisikika oktava juu vilevile, na Susato mwenyewe alitangaza kwenye jalada kwamba dansi zake zinafaa ala zote.

Sauti ya kwanza na ya pili wape filimbi za kawaida, teno mpe filimbi ya alto (kubwa kuliko ya kawaida, sauti yake ya chini zaidi), na besi waweke wawili. Ndiyo, wawili kati ya watano! Nota za chini za filimbi ya besi hazina nguvu na zinakula pumzi vibaya. Wakiwa wawili wanapokezana kupumua bila mstari kukatika. Pikolo, ile filimbi ndogo ya sauti kali, kama unayo, ifiche hadi marudio ya mwisho. Ukiandika karatasi kumbuka filimbi ya alto inasikika nne kamili (kama kutoka fa hadi do) chini ya ilivyoandikwa, na ya besi oktava nzima chini. Mimi niliwahi kusahau hilo la alto, tukapoteza nusu saa tukilaumiana kwamba ala hazijatuniwa.

Halafu tafuta mtu wa ngoma. Filimbi hazina mshindo, na huu ni muziki wa miguu. Thoinot Arbeau, kwenye kitabu chake cha dansi cha 1589, anaipa pavani mdundo wa ngoma mmoja tu: ndefu, fupi, fupi. Inatosha kabisa. Waambie na wa besi wakate kila nota kabla pigo halijaisha, hasa kama ukumbi una mwangwi.

Galiadi, ile dansi ya kuchangamka inayofuata pavani, usiitungie wimbo mwingine. Chukua ule ule wa pavani uugeuze mapigo matatu, watunzi wa zamani walifanya hivyo mara nyingi.

Tupia hapa karatasi ya besi tuione, hasa ile sehemu ya tatu unayosema inakushinda.