Presha ya macho: acheni matone ya kujinunulia

Wiki hii nimechagua maswali ya glakoma tu, ile mnayoiita presha ya macho. Yaliyojirudia nimeyajibu mara moja.

Shikamoo daktari. Nimeambiwa nina presha ya macho, lakini nikipimwa presha mkononi naambiwa iko sawa. Nani mkweli? (Mama, Mbagala)

Marahaba. Wote wakweli. Mmoja kapima damu, mwingine kapima maji yaliyomo ndani ya jicho. Mwambie na jirani yako, maana swali hili silijibu tena mwaka huu.

Nimetia matone miezi mitatu, sioni tofauti yoyote, nimeacha. Nibadilishiwe dawa? (Mstaafu, Tabata)

Mzee wangu, hukupewa matone ili uone vizuri zaidi. Ulipewa ili hicho unachokiona leo ukione na mwakani. Jicho hutengeneza maji muda wote, na maji hayo hutoka kupitia njia iliyo pembeni, pale cheusi kinapokutana na cheupe. Njia hiyo ikiwa nzito kupitisha maji, shinikizo hupanda na kuua taratibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Nyuzi zake zikishakufa hazioti tena: si kwa matone, si kwa upasuaji, si kwa asali wala majani yoyote. Msijilinganishe na shemeji aliyetolewa mtoto wa jicho akaanza kusoma gazeti. Huo ni ugonjwa mwingine kabisa.

Rudi kliniki wiki hii na chupa yako, na useme kweli kwamba uliacha. Ukinyamaza, daktari atadhani dawa imeshindwa na atakuongezea nyingine. Tone moja linatosha. Fumba jicho, bonyeza kona ya upande wa pua kwa dakika mbili. Ukiwa na dawa mbili, subiri dakika tano katikati.

Jirani anatumia matone ya glakoma yaitwayo timololi na yamemfaa. Nami ninunue? Nina pumu. (Temeke)

Hapana! Timololi hushuka puani na kuingia kwenye damu. Kwa mwenye pumu inaweza kubana kifua hadi kuua.

Tangu jana jicho moja linauma sana, jekundu, natapika, taa naziona zina duara la rangi. Nitumie nini? (Gongo la Mboto)

Usitumie kitu, nenda hospitali sasa hivi. Hilo halingoji barua.

Napika kwa mkaa, macho yanawasha. Kuna matone nanunua duka la dawa, yananituliza sana. Yana ubaya? (Mama lishe, Buguruni)

Dada, ndiyo haya ninayoyapigia kelele kila siku. Soma maandishi madogo kwenye boksi. Ukikuta dexamethasone, betamethasone au prednisolone, hiyo ni steroidi. Hutuliza kweli, lakini kwa baadhi ya watu hupandisha presha ya jicho ndani ya wiki chache, bila maumivu yoyote. Mara nyingi imechanganywa na dawa ya kuua vijidudu, na muuzaji anakuuzia kama dawa ya macho mekundu, basi. Kama ni ya kujinunulia, iache na ukapimwe presha ya macho. Kama uliandikiwa baada ya upasuaji, usiache bila kumuuliza daktari wako.

Hukuuliza, ila nasema: krimu nyingi za kujichubua zina steroidi pia, na zikipakwa karibu na macho huleta madhara hayo hayo.

Matone yanaharibu saumu? (Magomeni)

Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Jeddah mwaka 1997 lilisema hayaharibu, mradi usimeze kinachofika kooni. Na latanoprosti, tone jingine la glakoma, hutiwa mara moja tu, usiku. Kwa hiyo Ramadhani si kisingizio.

Baba ana glakoma. Nasikia kuna leza. Ni bora kuliko matone? (Kijana, Kimara)

Kwa wengi, ndiyo. Leza ni mwanga unaolengwa kwenye njia ya maji ili yatoke vizuri. Hospitali ya KCMC, Moshi, waliwafuatilia wagonjwa 201: baada ya mwaka, leza ilifaulu kwa asilimia 61 ya macho, timololi asilimia 31. Ni kazi ya dakika chache, ila nguvu yake hupungua, hivyo kupimwa hakuishi. Njia ya maji ikiwa imefungwa kabisa, leza hii haifai. Ugonjwa ukiwa umekwenda mbali, hufanyiwa upasuaji wa kufungua njia mpya ya maji. Aliyefanyiwa, jicho likiwa jekundu na kuuma hata baada ya miaka, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Na wewe je? Utafiti wa Kongwa, Dodoma, ulikuta glakoma kwa watu kama 4 katika kila 100 wenye miaka 40 na zaidi, na mtoto wa mgonjwa yuko hatarini zaidi. Usiniambie ulipimwa kwenye duka la miwani Kariakoo ukasoma herufi zote. Glakoma huanza kula uoni wa pembeni, herufi za katikati utazisoma tu. Wapo hata wenye presha ya 16, ambayo ni ya kawaida, na mshipa unakufa. Unahitaji kuangaliwa mshipa wenyewe na kupimwa uwanja wa kuona, Muhimbili, CCBRT au penye daktari bingwa wa macho. Siku ya kliniki ya baba, chukua namba na wewe.