Utando angavu si ushahidi kwamba wanga na kitosani vimechanganyika

Swali: Nimechanganya wanga wa muhogo na kitosani (polima, yaani molekuli za minyororo mirefu, itokanayo na maganda ya kamba na kaa) nusu kwa nusu, nikaongeza gliseroli ya kulainisha na kukausha utando. Umetoka angavu kabisa. Je, naweza kuandika kwamba polima hizi zimechanganyika? Maabara yetu ina hadubini na kipimamnato cha Ubbelohde (mrija mwembamba wa kioo unaopimia muda wa kimiminika kutiririka).

Jibu: Usiandike hivyo bado. Wanga na kitosani hupinda mwanga kwa viwango vinavyokaribiana, kwa hiyo hata vikijitenga visiwa visiwa ndani ya utando, jicho laweza lisione ukungu wowote.

Anza na hadubini. Kausha utando mwembamba juu ya kioo chake, bila gliseroli, kisha uufukize kwa chembe za iodini ndani ya chombo kilichofungwa chenye pamba iliyoloweshwa maji. Usidondoshee iodini ya maji, kwani kitosani kilichokaushwa na asidi yake huyeyuka. Wanga huwa buluu, kitosani huelekea kahawia. Mabaka yakionekana kwa ukuzaji wa mara 400, vimetengana. Rangi ikiwa moja, visiwa vidogo kuliko uwezo wa hadubini bado vyaweza kuwepo.

Kipimamnato ndicho kitakachokufikisha mbali zaidi, ila wengi huharibu kazi kwenye kiyeyushi. Ndani ya asidi, minyororo ya kitosani hubeba chaji chanya na kusukumana. Ukizimua, mnato kwa kila gramu hupanda badala ya kushuka, na mstari wa grafu hupinda. Chumvi huondoa tatizo hilo. Tumia asidi asetiki ya 0.1 M yenye NaCl ya 0.2 M kwa sampuli zote. Wanga upike kwanza kwenye maji matupu, 90 °C kwa dakika 30, kisha uongezee ujazo uleule wa kiyeyushi chenye nguvu maradufu. Ukiupika ndani ya asidi, minyororo hukatika. Ukiulaza hadi kesho, huanza kujikusanya upya. Chuja, halafu pima siku hiyohiyo kwenye maji ya 30 °C yasiyoyumba.

Pima kitosani peke yake, wanga peke yake, na mchanganyiko, kila kimoja kwa mikolezo minne au mitano ambayo muda wa kutiririka (t) ni mara 1.2 hadi 2 ya ule wa kiyeyushi (t₀). Chora (t − t₀)/(t₀c) dhidi ya mkolezo c. Mteremko ndio b: b₁₁ ya kitosani, b₂₂ ya wanga, bₘ ya mchanganyiko. Kisha tafuta b₁₂, inayoonyesha jinsi polima hizo mbili zinavyoathiriana, ambapo w ni sehemu ya uzito ya kila polima:

bₘ = w₁²b₁₁ + 2w₁w₂b₁₂ + w₂²b₂₂

Ikiwa b₁₂ inazidi √(b₁₁b₂₂), polima huvutana, ikipungua, hukwepana. Rudia kwa 25:75 na 75:25, maana kuvutana kwaweza kugeuka kukwepana, au kinyume chake.

Matokeo hayo ni ya myeyusho mwepesi. Kwa utando mkavu utahitaji kalorimita ya DSC (hupima joto ambalo sampuli hufyonza au kutoa inapopashwa), na hapo pia acha gliseroli: ikizidi hujitenga na wanga, ikatoa badiliko lake lenyewe kutoka ugumu wa kioo hadi ulaini chini ya nyuzi sifuri, nawe ukadhani ni polima zilizotengana.