Ubao wa jibini umepinda na unanata

Swali: Ubao wangu wa kuandalia vitafunio umepinda, na juu unanata ingawa huwa naupaka mafuta ya kupikia. Wiki ijayo nina wageni wanane. Bado unafaa? Na jibini niliandamanishe na mvinyo gani?

Jibu: Unafaa, ila kinachonata ni hayo mafuta yenyewe. Mafuta ya alizeti au ya mahindi yakikaa kwenye mbao huchacha, na jibini hunasa harufu upesi.

Anza na kupinda. Upande mmoja ulilowa kuliko mwingine, ukatanuka na kutuna. Laza ule uliobonyea juu ya taulo lenye unyevunyevu, weka kitu kizito juu, uache usiku kucha. Kisha usimamishe kivulini ukauke pande zote mbili. Jua kali litaupasua. Ukishakauka kabisa, piga msasa namba 120, halafu 220, kufuata mkondo wa nyuzi, mpaka vumbi litoke kavu. Likiganda kwenye msasa, mafuta ya zamani bado yamo. Futa vumbi, kisha paka mafuta meupe ya madini yanayofaa kwa chakula, yale yasiyo na harufu ya maduka ya dawa (si mafuta ya taa!). Paka pande zote na kingo, acha saa sita, futa yaliyobaki, rudia mara mbili. Kuanzia hapo uoshe haraka pande zote, usiuloweke.

Kwa watu wanane kabla ya mlo, gramu 500 hadi 600 za jibini zinatosha, aina tatu: laini, gumu na la buluu (lenye mistari ya ukungu unaolika). Litoe kwenye friji dakika 45 kabla, likiwa limefungwa lisikauke. Achari, asali na nyanya ziwe kwenye vibakuli. Maji yake huingia kwenye mbao na kuacha madoa.

Wengi hukimbilia mvinyo mwekundu, na hapo ndipo wanapokosea. Tanini (vile vitu vya maganda ya zabibu vinavyokausha mdomo) za mwekundu mkali zikikutana na jibini laini huacha uchungu, kama umelamba chuma. Mweupe wenye uchachu, mfano Sauvignon Blanc, huenda vizuri na laini, hasa la mbuzi. Mwekundu utunzie jibini gumu, kama cheda iliyokomaa. La buluu lina chumvi nyingi, hivyo linataka mvinyo mtamu kama Port. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano. Kwa glasi mbili kila mtu, nunua chupa nne, mbili au tatu kati yake ziwe nyeupe.