Leslie Knope alinyimwa, tena mara sita

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi na mwenzangu ninayekaa naye geto tumemaliza ile komedi ya TV ya Marekani, Parks and Recreation, yote, sizoni 7, nikaenda kusoma habari zake nikakuta haijawahi kushinda hata Emmy moja, zile tuzo kubwa za TV za Marekani. Mwenzangu anasema basi haikuwa kali kihivyo, ni sisi tu tumeipenda. Ni kweli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mdogo wangu, siyo kweli kabisa, na hili jambo mpaka leo linaniuma. Ilirushwa NBC kule Marekani toka 2009 mpaka 2015, episodi 125, ikateuliwa Emmy mara 14 ikatoka mikono mitupu. Amy Poehler, anayemwigiza mhusika mkuu Leslie Knope, peke yake aliteuliwa mara 6 kama mwigizaji bora wa kike wa komedi, kila mwaka toka 2010 mpaka 2015. Mwaka wa kwanza akachukua Edie Falco, wa pili Melissa McCarthy, halafu miaka minne mfululizo Julia Louis-Dreyfus wa komedi ya Veep. Julia sina ubaya naye, yule mama kazi anaijua, ila mara 6 jamani, hata moja?

Sehemu ya tatizo ni walivyoanza. Sizoni ya kwanza ina episodi 6 tu na haikuwa imekaa sawa, watu wakaiona ni The Office nyingine, ile komedi ya ofisini, kwa sababu waanzilishi wake, Greg Daniels na Michael Schur, wote walitokea kule. Leslie alikuwa kama mtu asiyejua anachekwa. Sizoni ya pili wakamrekebisha, akawa mwanamke mwenye akili na mchapakazi ambaye shida yake ni moja tu, anaijali kazi ya idara ya bustani kuliko mtu yeyote pale mjini, ila ndo hivyo wengi walishaipa mgongo. Na tuzo ya komedi bora ikawa ya komedi nyingine, Modern Family, miaka mitano mfululizo, 2010 mpaka 2014.

Ila mimi naona kuna kubwa zaidi. Mhusika mkorofi, mwenye matusi, anachekesha haraka na kila mtu anaona kwamba yule anaigiza. Leslie ni mtu mwema, na kumfanya mtu mwema achekeshe bila kumgeuza mjinga ni kazi ngumu sana ambayo ikifanyika vizuri haionekani. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa mtaa anaijua ile hali, wananchi wanasimama mmoja mmoja, huyu analalamikia shimo, yule anafoka tu, na Leslie anaandika kila kitu huku anatabasamu kama kapewa zawadi.

Mwambie mwenzako arudie Flu Season, ya sizoni ya tatu. Leslie ana homa kali, katoroka hospitali ili akaongee na wafanyabiashara wachangie tamasha la mavuno, hapo hata kusimama hawezi, anasema sakafu na ukuta vimebadilishana nafasi. Halafu anapanda mbele ya watu na hotuba yote inatoka safi, namba, majina, kila kitu, akimaliza anarudi kuwa mgonjwa vilevile. Muangalie Poehler macho, yanavyotulia akianza kuongea na yanavyopotea tena akimaliza. Humohumo ndo Andy, anayeigizwa na Chris Pratt, anaingiza dalili za Leslie kwenye kompyuta na kumwambia huenda ana tatizo la mtandao, hiyo Pratt aliitunga mwenyewe palepale wakirekodi.

Na kinachonishangaza zaidi ni Nick Offerman. Miaka yote aliyokuwa Ron Swanson, bosi wa Leslie, hakuteuliwa Emmy hata mara moja! Mtu anakuchekesha kwa kuacha tu masharubu yake yatulie, hapandishi sauti, halafu wapiga kura hawamuoni. Emmy yake alikuja kuipata Januari 2024 kwa episodi moja ya tamthilia ya The Last of Us, ambako anakuliza.

Siyo kwamba hawakuambulia kitu. Walipata tuzo ya Peabody ya mwaka 2011, na Januari 2014 Poehler akabeba tuzo ya Golden Globe, kwa hiyo mwenzako asikwambie ni nyie wawili tu mlioipenda. Na mkitaka kumuonyesha mtu mwingine msimuanzishie sizoni ya kwanza, mpeni ya pili, zile episodi sita za kwanza atazirudia mwenyewe akishampenda Leslie.