Barua kwa mwanangu: saksafoni, tarumbeta na David Goloschekin

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza kama ni ujinga kuanza tarumbeta wakati saksafoni ndiyo kwanza imeanza kukutii, maana wenzako wa bendi wanakuimbia kwamba mshika mbili moja humponyoka.

Methali hiyo angeambiwa David Goloschekin, mwanamuziki wa jazi wa Urusi, jina nililolijua nikisoma Leningrad, leo St. Petersburg. Alizaliwa Moscow mwaka 1944, akaanza na fidla ya klasiki. Baadaye akaongeza piano, vibrafoni (ala ya vibao vya chuma vinavyogongwa), besi, dramu, saksafoni, na flugelhorn, ile ndugu ya tarumbeta yenye sauti laini. Zote anapigia jazi, tena katika nchi ya Kisovieti, ambako watu walikuwa wakiambiwa: leo unapiga jazi, kesho utauza nchi. Vijana wa rika lake waliinasa jazi usiku, redioni, kutoka Sauti ya Amerika.

Siri yake naiona kwenye ile fidla. Shingo yake haina vigawanyo kama gitaa. Kidole kikisogea kidogo tu, umeshatoka nje ya sauti. Aliyelelewa na ala kali namna hiyo, sikio lake haliishi uvivu, na ala nyingine zinamkuta keshajua anachokitafuta. Kinachobaki ni mwili, na hapo wenzako wana haki kidogo. Kwenye saksafoni unabana mdomoni kipande chembamba cha mwanzi, nacho ndicho kinachotetema. Kwenye tarumbeta inayotetema ni midomo yako mwenyewe, na ukiiacha siku chache tu inalegea.

Duke Ellington, bingwa wa jazi wa Marekani, alipozuru Leningrad mwaka 1971, Goloschekin alipiga naye. Alikuwa na miaka 27. Wengi wangeishia kusimulia hilo maisha yao yote. Yeye mwaka 1989 akafungua jumba la jazi la serikali mtaa wa Zagorodny, lenye ukumbi mdogo uliopewa jina la Ellington. Serikali iliyowahi kuishuku saksafoni, sasa inalipia jumba lake! Kwangu mimi hilo linazipita ala zote alizoshika.

Kwa hiyo tarumbeta nunua, ila ya mtumba, na jukwaani usipande nayo mwaka huu. Kila asubuhi saksafoni itangulie. Nusu ya bei nitatoa mimi. Mama yako usimwambie kwanza, bado anakumbuka kelele za ile saksafoni ulipoianza.

Baba yako