Maswali ya Wasomaji: Panya, Simbilisi na Hewa ya Baridi

SWALI: Nasomea udaktari wa mifugo, Morogoro. Tunataka kupima kama kuvuta hewa ya baridi kunabana njia za hewa. Tukiwaweka panya kwenye chumba cha baridi haitoshi?

JIBU: Haitoshi. Panya hupumua kwa pua, na pua yake huipasha hewa na kuitia unyevu kabla haijafika kifuani. Tena chumba hicho kinampoza mnyama mzima. Njia za hewa zikibana, hamtajua chanzo ni mapafu au ngozi.

Tumieni simbilisi (guinea pig), ambaye misuli ya njia zake za hewa hubana upesi. Akishapewa nusukaputi, mrija huingizwa kwenye koo la hewa ili pua irukwe. Mwili unakaa juu ya blanketi la umeme, joto lake likipimwa muda wote. Mashine ya kupumulia impe kwanza hewa ya nyuzi 37 iliyoshiba unyevu, halafu hewa kavu ya baridi, kasi na ujazo vikiwa vilevile.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mashine ikimpumulisha kwa kasi, kabonidioksidi hufukuzwa mwilini, na upungufu wake peke yake hubana njia za hewa. Ongezeni takribani asilimia 5 ya gesi hiyo kwenye hewa mnayompa. Kipimajoto kikae mdomoni mwa mrija, siyo kwenye friza inayopoza hewa, maana hewa kidogo ikipita kwenye mpira mrefu hufika imeshapata joto. Na msizime vipimo mapema: mbano mara nyingi hufika kileleni dakika chache baada ya kupumua kwa kasi kukoma.

Kuna jambo kubwa zaidi. Lita moja ya hewa iliyoshiba unyevu kwa nyuzi 37 ina miligramu 44 za maji. Kwa nyuzi 0 haizidi 5 hivi. Tofauti hiyo inalipwa na utando wa njia za hewa, nao unakauka. Bila kipimo cha tatu, cha hewa kavu yenye joto, msiandike kwamba kosa ni la baridi. Mbwa wanaovuta sleji (magari ya kuteleza kwenye theluji) Alaska wamekutwa na makohozi kwenye njia za hewa baada ya mbio ndefu, lakini pale baridi, ukavu na kukimbia vimechanganyika.

Kibali cha kamati ya maadili kitangulie, bila shaka.

SWALI: Naishi Toronto. Ni kweli watoto wangu watapata mafua kwa kuvuta baridi?

JIBU: Bila kirusi hakuna mafua, dada. Ila mwaka 2007 watafiti wa New York waliweka simbilisi wenye homa ya mafua (influenza) jirani na wazima. Kwa nyuzi 5 kirusi kilisambaa hewani kwa urahisi kuliko kwa 20; kwa 30 hakikusambaa kabisa. Kwa nyuzi 20, hewa kavu ilikisaidia. Kwa hiyo nyumba yenye hita na hewa kavu, madirisha yamefungwa, watu wamejaa, ichunge kuliko hiyo theluji ya nje.